Ndama Ndani ya Ngitili

Kwa mtu ambaye bosi wake hajulikani alipo siku ya kumi na nne sasa, Davis Kaijage alikuwa amenyoosha shati vizuri sana. Mkaguzi Scolastika Mihayo aliliona hilo mlangoni, kabla hata hajakaribishwa kiti, akalinyamazia.

Ofisi ya mradi ilikuwa nyumba ya kupanga pale Ngokolo, vyumba vitatu, geti la bluu, na jirani ambaye tangu gari la polisi lisimame alikuwa anafagia sehemu moja tu ya uwanja. Ndani, ukuta mzima ulikuwa vyura. Picha za vyura kuanzia dirishani mpaka mlango wa choo, kila chura na namba yake, na chini ya namba jina la mtu. Fazal. Lataben. Imran na wanawe. Kwaya ya Vijana, Kambarage.

"Hawa ndio wachangiaji?" Koplo Onesmo aliuliza.

"Mia nne na kumi na wawili," Davis alijibu. "Daktari Nelly alinyimwa fedha za utafiti kila alikoomba. Akaamua kuwaomba watu wa kawaida, mtandaoni. Elfu tano, elfu kumi, mtu na uwezo wake. Ukichanga unapewa chura, anaitwa jina lako, na kila Ijumaa unaletewa habari zake."

"Na chura akifa?"

"Unaambiwa."

"Basi mimi wasinipe. Mama mkwe akisikia kuna chura anaitwa Onesmo, nimekwisha."

Davis alicheka. Scola hakucheka. Alikuwa anasoma ramani iliyobandikwa juu ya meza: vijiji tisa, malambo tisa, na mduara mwekundu kwenye mtambo mmoja wa kuchenjulia dhahabu, juu kidogo ya kijiji cha Mwalubha. Daktari Nelly Kudra, mtaalamu wa ikolojia, alikuwa anapima sumu katika maji ya malambo hayo. Alianza na chura kwa sababu chura hunywa maji kwa ngozi, na sumu ikiingia lamboni yeye ndiye wa kwanza kuumia, kabla ya ng'ombe, kabla ya mtoto aliyetumwa ndoo.

"Rudia siku ya mwisho," Scola alisema.

"Nimeshasema mara tatu, afande."

"Ya nne haiumizi."

Davis alikaa. "Alhamisi tarehe kumi. Tulikwenda Mwalubha, mimi na gari, yeye na pikipiki yake. Tukachukua maji, tukahesabu vyura. Saa nane mchana nikamwacha pale lamboni. Akasema atakwenda Nyarugusu kuonana na wachimbaji."

"Mwalubha mpaka Nyarugusu ni zaidi ya kilometa mia. Saa nane mchana. Na pikipiki."

"Humjui Nelly."

Pikipiki ilikuwa imepatikana Nyarugusu, siku ya tatu, kando ya mashimo yaliyoachwa. Kofia ngumu ilikuwa inaning'inia kwenye usukani. Mchimbaji mmoja aliyewahi kumtisha Nelly mbele za watu alikamatwa siku hiyo hiyo, na siku hiyo hiyo akaachiwa: tarehe kumi alikuwa mahabusu kwa kosa la kupigana. Tangu hapo jalada halikusogea.

Kulikuwa na jambo moja tu lililogoma kulala. Scola alitoa simu yake, akaiweka mezani.

"Nelly amepotea Alhamisi. Ijumaa ikatoka ripoti. Ijumaa iliyofuata ikatoka nyingine. Nani anaandika?"

"Hakuna anayeandika. Alizipanga mapema. Siku ikifika mtandao unazitoa wenyewe. Wengi wanafanya hivyo."

"Na picha hii?"

Ilikuwa picha ya ripoti ya Ijumaa iliyopita. Lambo, chura juu ya jiwe, na nyuma yake uzio wa minyaa. Ndani ya uzio, ndama wanne walikuwa wamezama kwenye majani mpaka tumboni.

Davis aliitazama kwa muda mfupi sana. "Hiyo niliipiga mimi. Siku ile ile, Mwalubha. Wale ndama tulishinda nao, mmoja alilamba mpaka mkoba wangu."

"Una uhakika ni Mwalubha?"

"Afande, nilikuwepo."

Scola alimsogezea karatasi ya maelezo na kalamu. "Andika. Hivyo hivyo ulivyosema. Na ndama uwaweke."

Aliwaweka. Akatia sahihi, akaandika na tarehe.

*

Duka la Tahera lilikuwa na mashine ya kutoa nakala, mashine ya kuweka vyeti plastiki, kitambaa cheupe cha kupigia picha za pasipoti, na maneno ya mji mzima. Watu walimwita Mama Hozefa. Kadi za shukrani za wachangiaji zilichapwa pale, na yeye mwenyewe alikuwa na chura: namba themanini na nane, jike, mwenye baka mgongoni. Picha yake ilikuwa kwenye fremu, juu ya kabati la bahasha.

Siku hiyo duka lilijaa. Aliyekuja kwa nakala moja alikuwa ameshakaa nusu saa, na hakuna aliyeharakisha, kwa sababu mada ilikuwa Nelly.

"Ameshika michango, amevuka mpaka," alisema bwana mmoja mwenye bahasha ya kaki.

"Mpaka upi? Kaolewa Geita. Na mnunuzi wa dhahabu."

"Nyie! Mtu kapotea."

"Na yule kijana wake mbona kanunua gari?"

"Shikamoo, Mama Hozefa," Scola alisema kutoka mlangoni.

Bwana wa bahasha ya kaki aligeukia bahasha yake.

"Marahaba. Polisi mwenye adabu! Leo nina wasiwasi." Tahera hakuinua macho. Alikuwa analisha cheti cha mtu kwenye mashine ya plastiki.

Scola aliweka simu juu ya kaunta, ile picha ikiwa wazi. "Nataka kujua kama hii umeichapa hapa."

"Sijaiona."

"Hebu, mayu, mama yangu, nami nione," alisema mwanamke aliyekaa juu ya dumu tupu la maziwa. Alikuwa Mama Esta, aliyeleta maziwa mjini kila asubuhi na kuondoka na habari. Aliinamia simu, akaikuza kwa vidole viwili. "He! Ndama ndani ya ngitili! Hii ni Mwagidu hii."

"Umejuaje? Kuna kibao?" Onesmo aliuliza.

"Kibao cha nini? Nani mwingine kafungua?" Mama Esta aliwageukia wenzake kama anayewaita mashahidi. "Ngitili zote, malisho ya akiba ya kiangazi, bado zimefungwa mpaka Agosti. Mwagidu peke yao ndio walikaa mkutano wakafungua mapema, na wametanguliza ndama, kama kawaida. Jumatatu ya wiki iliyopita. Mimi nachukua maziwa kule, naona mwenyewe."

"Jumatatu ni tarehe kumi na nne," Scola alisema.

"Hiyo hiyo."

"Na Mwalubha?"

"Mwalubha!" Mama Esta alicheka. "Mwaka huu Mwalubha hata panya haingii. Ng'ombe saba wamewafia kwa maji ya lambo, waliobaki wamekonda, majani yale ndiyo roho yao. Kamanda Bujiku wa sungusungu analala na filimbi mdomoni. Ndama wako akitia pua tu, unatoa faini ng'ombe mzima."

Onesmo alimtazama Scola. Scola alikuwa anamtazama Tahera.

Moshi ulitoka kwenye mashine.

"Mama Hozefa! Cheti changu!" mwenye cheti alipiga kelele.

Tahera aliruka, akachomoa waya. Cheti kilitoka kimejikunja kama kaukau. Miaka ishirini na mbili ya kazi ile, na mashine haijawahi kumlia mtu cheti.

"Jamani," Scola alisema kwa upole, "dukani hapa tunafunga kidogo. Dakika kumi."

Hakuna aliyetaka kutoka. Onesmo aliwatoa mmoja mmoja, wa mwisho Mama Esta na dumu lake, akasimama mlangoni na mgongo wake mpana.

"Nikikuambia," Tahera alisema, "nani mwingine atajua?"

"Mimi na huyo koplo wangu."

"Na Davis?"

"Davis ametia sahihi kwamba tarehe kumi ndama walimlamba mkoba Mwalubha. Ndani ya ngitili iliyofungwa."

Tahera alitoa sauti kama ya kicheko, kisha akafunika uso kwa ncha ya mtandio. Alipomaliza alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya mashine ya nakala, akatoa kopo la samli. Ndani ya samli kulikuwa na mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko, kadi ya kumbukumbu ya kamera, na karatasi iliyoandikwa kwa penseli.

"Kila Jumatano Makoye ananiletea. Yule mchuuzi wa ng'ombe. Nafungua, naweka ripoti yake mtandaoni siku ya Ijumaa. Ile ya kwanza tu alikuwa ameipanga mwenyewe kabla. Basi."

"Yuko hai."

"Mguu umevunjika. Yuko kwa mama yake Makoye, Mwagidu; picha anampigia Makoye." Maneno yalianza kumtoka haraka. "Vyura wa Mwalubha walikuwa wanakufa, lakini majibu ya maji yanakuja safi. Safi kabisa! Nelly akashangaa. Akaenda kwa siri, akachota chupa zake mwenyewe. Ndipo akagundua Davis alikuwa anabadilisha lebo. Maji ya Mwagidu anayaandika Mwalubha. Wenye mtambo wamempa gari, mji mzima unalijua gari, hakuna aliyejiuliza. Akamuuliza Davis ana kwa ana. Davis akalia, akaomba msamaha. Akamwambia twende Nyarugusu, kuna mtu aliyefanya kazi kwenye mtambo ule, atakueleza kila kitu. Wakafika kwenye mashimo ya zamani, akamsukuma."

"Ametokaje?"

"Alinasa kwenye magogo ya zamani ya kuzuia kifusi. Makoye alikuwa ananunua ng'ombe jirani na pale, akasikia mtu anagonga jiwe. Akampakia kwenye lori, katikati ya ng'ombe."

"Mbona hakuja kwangu?"

"Aje aseme nini? Yeye anasema hivi, Davis anasema vile, na mji unasema kala michango. Zile chupa zake za siri nilizituma mimi Dar, maabara, kwa basi. Majibu yanatoka kesho. Alisema mpaka hapo, kazi yake ni kuandika Ijumaa. Aliwaahidi watu."

Scola aliisoma karatasi mara mbili, akampa Onesmo atie kwenye bahasha ya vielelezo. Kisha akaanza kutembea kati ya kaunta na mlango, mpaka Tahera akashindwa kuvumilia.

"Si unaenda kumkamata?"

"Kwa lipi? Ndama? Wakili wake atasema kachanganya vijiji, mtu wa Dar huyo, majani yote kwake ni majani. Majibu ya maabara yatamtia hatiani kwa lebo. Shimo halimo kwenye maabara." Aliitazama saa ya ukutani. Saa sita na robo. "Shimo lazima alikubali mwenyewe. Kwa miguu yake."

Alipiga simu kituoni kwanza: askari wawili waende Mwagidu, wamlinde Nelly, wasiseme njiani wanakwenda wapi. Kisha akapiga namba ya Davis, akaweka sauti kubwa.

"Davis, nina habari njema. Nelly yuko hai."

Upande wa pili gari lilipita. Likapita lingine.

"Anaongea?" Davis aliuliza.

Tahera aliziba mdomo kwa mkono.

"Bado. Ana homa, ameumia. Wafugaji wamemlaza kwenye kibanda cha mlinzi, ndani ya ngitili ya Mwalubha. Gari langu bovu, kwa hiyo tunamfuata kesho saa nne asubuhi. Uje, akuone mtu anayemfahamu."

"Kesho saa nne. Nitakuja, afande. Mungu ni mkubwa."

Simu ilikatika. Onesmo alikuwa ameshashika funguo.

"Mtu mzuri atatufuata hapa kuuliza tunangoja nini," Scola alisema. "Mtu mbaya atakwenda leo. Twende tumtangulie."

*

"Mwadila, baba," Scola alisalimia.

"Mwadila." Kamanda Bujiku hakuondoa macho barabarani. Alikuwa mzee mfupi mwenye koti zito katika jua la saa tisa, filimbi ikining'inia shingoni kwa kamba ya katani. Walijibanza nyuma ya minyaa, yeye na Scola. Mbele yao ngitili ilisimama yote, majani makavu ya rangi ya mkate, marefu kiunoni, hayajaguswa tangu mvua. Katikati, kibanda cha mlinzi. Ndani ya kibanda, juu ya mkeka, chini ya kitenge cha mke wa kamanda, alilala Koplo Onesmo.

"Akivuka uzio ni wangu," Bujiku alinong'ona.

"Akivuka uzio unaningoja mimi, baba. Mpaka niseme."

"Ukisema ukichelewa?"

Gari jeupe jipya lilikuwa linakata kona kwa mwendo wa taratibu, bila kunyanyua vumbi.

Davis alishuka peke yake. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Alifungua buti, akatoa dumu la lita tano, akapita kwenye pengo la uzio na kutembea moja kwa moja kwenye majani, anayakanyaga kama anavuka uwanja wa mpira. Mzee alivuta pumzi kila hatua aliyokanyaga.

Mlangoni pa kibanda alisimama.

"Nelly?"

Chini ya kitenge, Onesmo aliguna. Aliguna vizuri, kama mgonjwa.

Davis hakuinama kumtazama. Alifungua dumu, akaanza kumwaga. Kwenye ukuta wa nyasi, kwenye mlango, juu ya ncha ya kitenge iliyotokeza. Upepo ulileta harufu mpaka kwenye minyaa.

"Petroli," Bujiku alisema. Alikuwa ameshaishika filimbi. "Mayu, hiyo ikishika, hapa hapabaki kitu. Ng'ombe mia tatu watakula nini?"

"Bado."

"Na kijana wako yumo ndani!"

"Najua yumo ndani. Bado."

Davis alirudi hatua nne. Alitupa dumu. Aliingiza mkono mfukoni, ukatoka na kiberiti.

"Sasa!"

Filimbi ililia. Kabla haijakatika, sauti ya mwanamke ikaidaka upande wa pili wa lambo, yowe refu la mwano, likapokewa na kilima, likapokewa na kijiji. Majani yaliyokuwa yamesimama yakatoa watu: wenye fimbo, wenye mikuki, kina mama wenye mipini ya majembe. Mwano ukipigwa, hakuna anayebaki nyumbani. Davis aligeuka, akaona watu kila upande, kiberiti kikamponyoka. Alikimbilia palipoonekana pepesi, kwenye uzio, akajipenyeza kwa nguvu zote katikati ya minyaa.

Mtoto wa miaka mitano wa Mwalubha asingefanya hivyo. Matawi yalikatika, utomvu mweupe ukamrukia machoni. Alianguka upande wa pili akipiga mayowe, miguuni pa Scola.

Alimfunga pingu, akamwambia makosa yake, akamkariria haki zake, yote kwa sauti ile ile ya dukani. Mama mmoja alianza kumwosha macho kwa maziwa, bila huruma yoyote usoni, kwa sababu ndivyo utomvu wa minyaa unavyooshwa.

Onesmo alitoka kibandani amelowa, kitenge begani. "Naomba mtu asivute sigara."

"Nilikuja kumwokoa," Davis alisema, akihema. "Nilikuja kumwokoa Nelly!"

"Na petroli?"

"Mnanionea! Yule alianguka mwenyewe lile shimo, mimi nilimwita, nilimwita mara mbili..."

Alijishtukia. Alikuwa amechelewa. Onesmo, na petroli yote ile mwilini, alikuwa ameshaitoa kalamu.

"Shimo gani, Davis?" Scola aliuliza. "Uliniambia ulimwacha lamboni."

Scola alisogea pembeni, akapiga simu. "Mama Hozefa? Tumempata. Mwambie Makoye asingoje Jumatano. Kesho ni Ijumaa, Nelly aandike yote, na aweke jina lake chini."

Aliporudi, watu walikuwa wameshakaa duara chini. Kamanda Bujiku alikuwa amesimama katikati, koti limefungwa vifungo vyote.

"Baba, huyu naondoka naye."

"La mtu ni lako, mayu. Hatukunyang'anyi. La majani ni letu, na tunalimaliza kabla hujamwingiza garini." Alimgeukia Davis. "Kijana. Unaitwa nani, hatujauliza bado. Tunauliza hivi: ngitili hii imefunguliwa au imefungwa?"

Davis alijaribu kuinua uso. Macho yalikuwa yamevimba, maziwa yanamchuruzika shingoni, yakilowesha ukosi wa shati lililonyooshwa.

Scola alikunjua karatasi ya asubuhi, akaisoma kwa sauti, ili watu wote wasikie: tarehe kumi Julai, Mwalubha, ndani ya uzio, tulishinda na ndama, mmoja alilamba mkoba wangu. Sahihi. Minong'ono ilizunguka duara. Mtu mmoja alicheka, akakemewa.

"Ndama!" Bujiku alisema. Alimshika Davis kidevu, akamgeuza taratibu, kushoto, kisha kulia, kuelekea yale majani yasiyoguswa. "Tuonyeshe basi. Walikuwa wamesimama wapi?"